Mama Nyamongo na Tundu Jipya la Chaja

Ukifika Gesima ukaulizia Tryphosa, watu watakutazama tu. Sema Mama Nyamongo, na hata anayechuma chai ng'ambo ya bonde atainua mkono akuonyeshe: yule pale, anapanda mlima, mwavuli kwapani.

Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Kazi yenyewe haikuwa ya koti jeupe. Ilikuwa kazi ya miguu. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza nani anakohoa, nani ana mimba, mtoto gani hajachanjwa, mzee gani ameacha dawa za presha, kisha majibu akayaingiza kwenye simu ya kazi aliyopewa na shirika lililokuwa likisaidia zahanati yao. Mumewe alikuwa ameshatangulia. Mwanawe Nyamongo alikuwa Nairobi akiuza viatu. Yeye alibaki na shamba dogo la chai, ng'ombe mmoja, na magoti yaliyoanza kulalamika kila alipoteremka. Alitoka nyumbani umande haujakauka, akarudi mvua ya alasiri imeshamnyeshea. Siku ya Sabato peke yake ndiyo aliyopumzika, na hata huko kanisani watu walimfuata kwenye benchi kumwonyesha vipele.

Simu nayo ilikuwa imechoka kama mwenyewe. Ilitoka nyumbani imejaa chaji, na jua halijapanda vizuri ilikuwa inalia njaa. Kuilisha kulitaka ujuzi. Ilitumia chaja ya kawaida, ile ya kichwa bapa kinachoingia kwa upande mmoja tu. Ukikosea upande unakwaruza, ukilazimisha unavunja. Kwa kuchomekwa na kuchomolewa miaka yote hiyo, tundu lilikuwa limelegea. Ilibidi simu ilazwe kifudifudi, waya upindwe kidogo, halafu kitu kizito kiwekwe juu yake usicheze: kikombe, jiwe la kunolea kisu, hata Biblia. Hapo alama ya radi ilitokea, na hapo Mama Nyamongo alikaa chini akatulia, kwa maana mtu akitikisa meza tu, chaji inakatika.

Bahati nzuri, pa kuchajia hapakukosekana. Nyumba nyingi za mlimani zilikuwa zimechukua sola, zile ndogo za kulipia polepole, zenye taa, redio, na waya mmoja wa kuchajia uliogawanyika vichwa viwili: kile chembamba cha simu za kubonyeza na kile bapa. Kwa hiyo katika mizunguko yake alikuwa na vituo. Kwa Mokeira, mke kijana mwenye mtoto mdogo, ambaye mumewe alifanya kazi Narok, alikaa akimsaidia kuambua maharagwe. Mwanzoni Mokeira alisema nyumba yote ni wazima. Maharagwe yalipofika nusu ya ungo, ndipo alipoanza kuuliza, eti kuna rafiki yake fulani, mwezi wa pili sasa hajaona siku zake.

Kituo kingine kilikuwa kwa mzee Onchiri. Huyu alikuwa mwashi enzi zake, mtu wa maneno machache na kiburi kingi, na alikuwa na kisukari alichokiita "hiyo sukari yenu," kana kwamba kililetwa na zahanati. Ukimkuta mlangoni ukamuuliza hali, jibu lilikuwa moja tu: "Niko salama." Lakini mgeni akiketi, adabu ilimtaka naye aketi. Na akiketi alivua gambuti zake za mpira alizoshinda nazo shambani tangu alfajiri, akazisimamisha kando ya mlango, akanyoosha miguu juu ya gunia. Mama Nyamongo aliitazama ile miguu bila kuonekana anaitazama, huku mzee akilaani bonasi ya chai na mkewe, bibi ambaye kijiji kizima kilimwita Mong'ina, akimimina uji.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi siku Abner, msimamizi wao, alipowaita wahudumu wote kwenye veranda ya zahanati. Abner alikuwa kijana mstaarabu kutoka Nyamache, asiyepandisha sauti. Alikuja na katoni la simu mpya.

"Mmelia sana juu ya simu," alisema. "Leo mmepata. Betri inakaa siku nzima. Ila zile chaja zenu za zamani mziweke kando. Tundu la hizi ni taipu-C."

Mama Nyamongo aliigeuza ile simu mkononi. Ilikuwa nyepesi, nzuri, na chini yake palikuwa na kijitundu cha mviringo, kidogo kama mdomo wa kifaranga. Aliutazama na waya wake. Huku na huku kichwa kilikuwa cha aina hiyohiyo.

"Waya wa sola hauingii hapa?" aliuliza.

"Hauingii, mama."

"Na huu wake hauingii kwa sola?"

"Hauingii vilevile."

"Basi nikiwa kule juu, ikiisha moto, nachajia wapi?"

Mogire, kijana aliyehudumu upande wa barabarani na aliyependa vitu vipya kuliko chakula, hakungoja Abner ajibu. "Mama, hii haina juu wala chini. Hata gizani unachomeka. Tundu lake halilegei ovyo. Halafu si sisi tu. Ulaya wamekata maneno, simu zote zitumie tundu hili moja. Hata wale wenye simu za bei mbaya walikataa wakakataa, mwishowe wakabadilisha."

"Ulaya hawachaji kwa mzee Onchiri," alisema Mama Nyamongo.

Watu walicheka, kisha mjadala ukawaka. Mama mmoja alisema kwake droo imejaa nyaya kama nyoka, kila simu inakuja na chaja yake kama mke mpya anavyokuja na sufuria zake, na kama kuna watu wameketi mahali wakasema tundu liwe moja, Mungu awabariki, ila walichelewa wapi? Mwingine akauliza zile sola ambazo watu hawajamaliza kulipia zitafanywa nini, zitupwe? Mzee mmoja akasema hilo tundu moja nalo ni la leo. Akiishi tena kidogo ataletewa jingine, na Mogire huyuhuyu atalisifu.

"Hakuna anayetupa kitu," Abner alisema. "Lakini dunia inasonga, wazazi wangu."

"Inasonga," Mama Nyamongo alisema, "na wanaoifuata kwa miguu ni sisi."

"Tungeulizwa kabla hazijanunuliwa," yule mama wa droo aliongeza.

Abner aliinamisha kichwa kwa heshima, lakini simu zilikuwa zimeshanunuliwa. Walitia sahihi, wakarudisha zile za zamani kwenye katoni, wakaenda zao.

Kusema kweli, Mama Nyamongo alishindwa kwenye ule mjadala na akafurahi kushindwa. Wiki ya kwanza haikuisha kabla hajakiri. Nyumbani kwake stima ilikuwepo, ikiwa haijakatika. Usiku alichomeka, asubuhi simu imejaa, na jioni alirudi nayo ikiwa bado na nguvu. Hapakuwa tena na kupinda waya, wala kuomba kikombe, wala kuomba watu wasitikise meza. Alifika mlangoni, akauliza, akabonyeza, akaaga. Kazi iliyokuwa ikimla mpaka jioni aliimaliza mvua haijaanza. Alipata saa ya kulala mchana, jambo ambalo hakulikumbuka tangu aolewe. Nyamongo alipopiga simu alimwambia, "Mwanangu, hiki kitu nilikipinga bure."

Lakini mtu akionekana amepata nafasi, hupewa mzigo. Abner aliona jinsi alivyomaliza mapema, akamsifu mbele ya wenzake, na mhudumu mmoja wa ukingo wa pili wa bonde alipoacha kazi, nyumba zake zikaongezwa kwa Mama Nyamongo. Ile saa ya kulala ikatoweka. Sasa alitembea kuliko zamani, na kote alikofika alisimama. Magoti yalivimba. Usiku aliyakanda kwa maji ya moto akilala nusu, akiamka nusu.

Kwa Mokeira alisimama uani. "Mtoto anakula? Ana joto? Anaharisha?" Anakula, hana, haharishi. Kwa mzee Onchiri alisimama mlangoni na mzee naye akasimama, gambuti miguuni, panga mkononi, maana mgeni akisimama, mwenyeji haketi.

"Tata, umeamkaje?" alimsalimu, kama mtu anavyomsalimu baba yake.

"Niko salama."

"Dawa unameza?"

"Nameza."

"Miguu je, hakuna kidonda?"

"Hakuna."

Alibonyeza hakuna, akashika njia. Mara moja Mong'ina alitoka jikoni na kikombe cha uji, akamkuta mgeni ameshafika kwenye ua wa lantana. Alimwita. Mama Nyamongo alipunga mkono akasema kesho kutwa, mama, leo nimechelewa. Na hiyo kesho kutwa ilikuwa na nyumba zake.

Kisha ikaja siku moja kwenye kituo cha kununulia chai. Akina mama walikuwa wamepanga foleni na vikapu vyao, karani akipima, na Mama Nyamongo naye alikuwa amebeba majani yake machache. Mong'ina alitoka kwenye foleni, akamvuta mkono kando.

"Mama Nyamongo, wewe unajua mambo ya dawa. Panya akifia ndani ya nyumba, kuna kitu cha kumwaga?"

"Amefia wapi?"

"Sijui. Nimetafuta chini ya kitanda, nyuma ya kabati, mpaka juu darini. Simwoni. Na harufu inazidi. Jana nimeondoa hata magunia."

Mama Nyamongo aliweka kikapu chini. "Harufu iko chumba gani?"

"Hapo tu mzee anapoketi, na siku hizi hata kulala analala hapo na viatu vyake," Mong'ina alisema, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe akafunika mdomo kwa kitenge.

Waliacha chai kwa jirani wakaenda. Walimkuta mzee Onchiri mlangoni, amesimama, ameegemea mwimo.

"Niko salama," alisema kabla hajaulizwa.

"Tata, nimekuja kukaa."

Mzee alimtazama. "Simu imeisha moto? Si ulisema waya wetu hauingii?"

"Haijaisha. Nimekuja kukaa tu."

Aliketi kwenye kiti chake cha zamani, ingawa hakikuwa tena pale karibu na sola, kilikuwa kimesukumwa ukutani. Mzee alikawia, kisha akaketi. Hakugusa gambuti. Mama Nyamongo alizungumza juu ya mvua, juu ya bonasi, juu ya barabara, na mzee alijibu kwa kukoroma. Harufu ilikuwa imejaa chumba. Mwishowe alipiga magoti sakafuni, magoti yale yale yaliyovimba, akashika gambuti ya kulia.

"Usinivue viatu kama mtoto," mzee alisema.

"Vua mwenyewe basi, tata."

Alijaribu. Ile ya kushoto ilitoka. Ya kulia iligoma. Mguu ulikuwa umejaa humo ndani kama unga ulioshindiliwa kwenye debe. Mong'ina alileta kisu, na Mama Nyamongo akaikata gambuti kutoka juu hadi kifundoni, polepole, asiguse nyama. Ilipofunguka, Mong'ina alitoka nje. Msumari wa bati ulikuwa umepenya soli, umeingia chini ya kidole gumba, na umekaa humo siku nyingi. Mzee aliinama akautazama kama anayetazama kitu cha mtu mwingine.

"Sikusikia chochote," alisema. "Kweli kabisa. Nilihisi tu kiatu kinabana."

"Najua, tata. Ni hiyo sukari. Inaua hisia za miguu."

"Ile yenu," alisema, lakini sauti haikuwa na ukali.

Gari la jirani liliwashusha hadi Kisii. Mama Nyamongo alikaa kwenye benchi la hospitali na Mong'ina, wakinywa chai ya turungi ya kuuzwa langoni, mpaka daktari alipotoka kusema vidole havitatosha, wataukata chini ya goti. Mong'ina hakulia. Aliuliza tu kama mguu wenyewe watapewa wakauzike nyumbani, kwa maana si vizuri mtu kuzikwa vipande vipande, na daktari akasema ndiyo, wakitaka watapewa. Mama Nyamongo aliposikia hivyo, yeye ndiye aliyelia.

Kwenye mkutano uliofuata wote walikuwa wamesikia. Abner alimpa pole. Hakumlaumu. Alisema mgonjwa aliulizwa, mgonjwa akajibu, na mhudumu si nabii. Alisema hayo kwa wema, na wema huo ulimkera kuliko lawama.

"Zamani ningeuona mguu," alisema Mama Nyamongo.

"Kwa nini zamani?"

"Nilikuwa nachajia pale."

Abner hakuelewa. Mogire alidhani ameelewa. Aliruka kutoka kwenye benchi akafungua mfuko wa karatasi. "Mama, hilo nimelimaliza! Ona." Alikuwa amekwenda Keroka, dukani kwa Kaltuma anayeuza vitu vya simu, akanunua vichwa vidogo vya kuunganishia, vyeusi, vidogo kama punje ya hindi, vya kumtosha kila mmoja. "Kaltuma amecheka sana. Anasema vinaning'inia hapo ukutani kwake tangu simu hizi zilipoanza. Hapa waya wa sola wa kichwa bapa unaingia, upande huu kinatoka taipu-C. Sasa unachajia nyumba yoyote. Tuligombana bure tu siku ile."

Wenzake walifurahi, wakajaribu, kikaingia tiki. Yule mama wa droo alitaka viwili. Mama Nyamongo alikipokea chake, akamshukuru Mogire kwa dhati, maana kijana alitoa jasho lake na hakuwa na ubaya wowote. Alitaka kueleza zaidi. Alitaka kusema simu haikuwa na njaa, tundu halikuwa na kosa, tundu hili kwa kweli ni zuri, na hata yeye hawezi kurudi kwa lile la kupinda waya. Lakini kila alipotafuta namna ya kuanza, maneno yalikuwa yanaishia kwenye uji na maharagwe na gambuti, na nani angeandika hayo kwenye ripoti?

"Nipunguzie nyumba," alimwambia Abner mwishoni. "Hilo tu."

"Nitaangalia, mama."

Aliijua hiyo nitaangalia. Ila Abner hakuwa mtu mbaya. Baada ya kitambo alimwondolea nyumba chache za ukingo wa pili, si zote. Zilizobaki Mama Nyamongo aliamua kuzitembelea kwa miguu yake mwenyewe jinsi anavyotaka. Alipofika aliketi, aambiwe karibu au asiambiwe. Hakumaliza tena mapema. Kwenye mkutano jina lake halikusifiwa tena, na mara moja lilitajwa miongoni mwa walio nyuma. Kile kichwa cha kuunganishia alimpa Mokeira, ambaye mumewe alimletea simu mpya kutoka Narok na waya wa sola yake haukuiingia.

Mzee Onchiri alirudi nyumbani na magongo mawili na hasira ya kumtosha mtu mwenye miguu mitatu. Alimkaripia Mong'ina, akakaripia kuku, akakaripia redio. Mama Nyamongo alipoingia mara ya kwanza tangu arudi, hakumwitikia salamu.

"Nilikuambia niko salama," alisema, "na wewe ukaniamini. Wewe mtu wa afya gani?"

Mama Nyamongo alisimama na mwavuli wake.

"Na mimi je?" Mong'ina alisema kutoka jikoni. "Mimi niliyelala naye kitanda kimoja miaka yote, nikatafuta panya darini?"

Mzee aliangalia ukuta, kisha akakaa sawa, akanyoosha mguu uliobaki juu ya gunia bila kuambiwa. Mama Nyamongo alichuchumaa, akaukagua kidole kwa kidole, katikati ya vidole, kisigino, kisha wayo, akiupapasa kwa kiganja. Ulikuwa mzima. Alisema hivyo. Mzee akasema alijua.

Mvua ilianza hapo hapo, ile ya Gesima isiyobisha hodi, ikapiga mabati mpaka redio haisikiki. Hapakuwa na kwenda popote. Mama Nyamongo aliketi kwenye kile kiti cha ukutani angoje ipungue. Bado alikuwa na nyumba mbele, kwa Mokeira na juu zaidi, na mawazo yake yalikuwa yanazipanga, hii kwanza, ile baadaye, ile nyingine kesho. Kichwa kikaegemea ukuta. Mdomo ukafunguka kidogo.

Mong'ina aliingia na birika, akasimama. "Amelala," alisema. "Nimwamshe? Chai itapoa."

"Mwache," mzee Onchiri alisema. Alinyoosha gongo moja mpaka likafika kwenye redio, akakizungusha kitufe kwa ncha yake, mara ya kwanza likateleza, mara ya pili sauti ikafa. "Huyo mama ametembea sana."

Mong'ina alifunika kikombe kwa kisahani, akatafuta shuka la kumfunika mgeni magoti.